Usiuze Kikaango cha Kukhu kwa Kilo

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Najua wengi mmefungua ukurasa huu mkitarajia shairi au kisa cha mapenzi yaliyoenda mrama. Mniwie radhi. Mimi nimekuja na vyungu. Tena si vyungu vya udongo, wala si hizi sufuria nyepesi za kung'aa zinazotundikwa sokoni Khwisero. Nazungumzia vyombo vya chuma kizito, cheusi: vikaango vya chapati (wengine husema pani), makarai ya zamani, na vile vyungu vya miguu mitatu ambavyo kimoja kikikuangukia kidoleni utawataja mababu zako wote kwa majina.

Nimeamua kuviandikia kwa sababu vinaisha. Karibu kila wiki hupita kijijini kwetu mtu na baiskeli, mizani imening'inia kwenye usukani, akiita, "Chuma kuukuu! Betri! Jembe bovu!" Mama akikumbuka kile kikaango chenye kutu nyuma ya ghala, anatuma mtoto akakilete. Kinapimwa, kinalipiwa, kinatupwa ndani ya gunia pamoja na spoki za baiskeli na mabati yaliyooza. Kutoka hapo huenda kwa wanunuzi wakubwa, kisha kwenye viwanda vya kuyeyusha, na huenda kikarudi kwetu kikiwa nondo za kujengea. Nondo si kitu kibaya. Lakini kikaango kile kingeweza kupika chapati kwa miaka mingi mingine, na aliyekiuza alikiuza akidhani kimekufa. Wapi! Kilikuwa kimeshika kutu tu, na kutu aghalabu ni ugonjwa wa ngozi. Ukiitoa, ndani utakuta chuma kizima kama siku kilipotoka kiwandani.

Mimi mwenyewe nina vyombo sita sasa: vikaango vitatu, karai moja, mfuniko mmoja usio na chungu (bado namtafutia mwenzake), na chungu kimoja cha miguu mitatu ambacho nitakielezea baadaye. Darasani wameshanibandika jina la "Mama Chapati" ingawa mimi ni mvulana. Sijali. Siku ya kuonja chapati hao hao ndio huwa wa kwanza kwenye foleni.

Kwanza tukifahamu chuma chenyewe, maana watu husema chuma ni chuma, na hiyo si kweli. Kuna chuma cha kufua na kuna chuma cha kusubu. Wahunzi wa Samia, upande wa Busia, walisifika katika nchi ya Waluhya na ya Wajaluo kabla ya wakoloni kuja. Walichimba mawe yenye chuma katika vilima vyao, wakayachoma tanurini kwa makaa huku mivukuto ikivuma, wakapata bonge lililolainika ambalo walilifua kwa nyundo hadi likawa jembe. Majembe hayo yalikuwa na thamani hata ya kulipia mahari. Lakini tanuri zile hazikukiyeyusha chuma kikawa maji, kwani chuma kitupu huhitaji joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi ndipo kiyeyuke. Kwa hiyo wahunzi wetu walitupa majembe, mikuki na visu, na chakula kikaendelea kupikwa ndani ya inyungu ya udongo.

Chuma cha kusubu ni kingine. Hiki kina kaboni nyingi, takriban asilimia 2 hadi 4, na kaboni hiyo huteremsha joto la kuyeyukia hadi karibu nyuzi 1,200. Hapo chuma hutiririka kama uji, kikamiminwa kwenye kalibu ya mchanga, kikapoa kikiwa chungu. Wachina walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kule Uingereza, bwana mmoja aitwaye Abraham Darby alipewa hataza mwaka wa 1707 kwa ajili ya kusubu vyungu vya chuma katika mchanga, na mwaka wa 1709, pale Coalbrookdale, akaanza kuyeyusha chuma kwa koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, badala ya makaa ya miti. Kabla ya hapo Darby alikuwa fundi wa shaba ya manjano, na vyungu vya shaba vilikuwa ghali, vya wenye nacho. Chungu cha chuma kilikuja kuwa chungu cha mtu wa kawaida. Ajabu ni kwamba neno letu "sufuria" nalo limetoka kwa Kiarabu, na asili yake ni shaba hiyo hiyo ya manjano. Leo sufuria zetu ni za aluminiamu lakini jina limebaki la shaba.

Kaboni inayokirahisishia chuma hiki kuyeyuka ndiyo pia inayokitia udhaifu. Kikianguka kwenye saruji hakipindi, kinapasuka. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Je, vilifikaje hapa Khwisero? Nadhani vilifika kwa njia mbili. Ya kwanza ni reli. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Kisumu mwaka wa 1901, na waliotoa jasho humo ni maelfu ya vibarua kutoka Bara Hindi. Pamoja nao, na pamoja na wenye maduka waliofuata, yakaja mapishi yao na maneno yao: chapati, karai, tawa. Huko pwani tawa ni kikaango, na neno lenyewe ni la Kihindi. Baadaye tawi la reli likatoka Kisumu likafika kwa majirani zetu Butere mwaka wa 1930. Kwa hiyo kikaango kizito kingeweza kushuka katika stesheni ya Butere na kubebwa kichwani hadi huku kwetu kabla jua halijatua.

Njia ya pili ni mashamba ya walowezi. Mwaka wa 1908 kundi la Makaburu kutoka Afrika Kusini lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda gari la moshi hadi Nakuru, kisha likapanda milima kwa magari ya ng'ombe hadi uwanda wa Uasin Gishu. Makaburu ni watu wa chungu cha miguu mitatu; huko kwao mpaka leo hupikia nyama humo juu ya moto wa nje. Chungu hicho kimeundwa kwa ajili ya safari. Hakihitaji mafiga kwa sababu kimezaliwa na mafiga yake. Nao Waluhya wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba hayo ya Uasin Gishu na Trans Nzoia.

Mmoja wao alikuwa baba yake babu yangu. Kama anavyosimulia Kukhu, mzee huyo alichunga ng'ombe wa mlowezi fulani upande wa Eldoret, na alipoacha kazi alipewa chungu badala ya mshahara wa mwezi wa mwisho. Alikibeba hadi nyumbani. Kukhu alipoolewa katika boma letu alikikuta jikoni, akapikia humo nyama za matanga na za harusi kwa miaka mingi, hadi sufuria kubwa za aluminiamu zilipokuja na watu wakaona chungu kile ni mzigo. Kikawekwa nje. Kuku wakatagia ndani yake.

Mwezi wa Januari 2022 baba mdogo alikiburuta hadi langoni akisubiri mtu wa mizani. Alikuwa amekwishapiga hesabu: kilo tisa, shilingi thelathini kwa kilo, mia mbili na sabini. Bahati ikawa upande wetu, maana mwezi huo huo serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu nchi nzima baada ya nguzo za umeme kuharibiwa na wezi wa vyuma. Mtu wa mizani hakuja. Marufuku hayo yaliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo, kukawekwa masharti ya leseni, lakini wakati huo Kukhu alikuwa ameshatoka na fimbo yake akauliza kwa nini chungu cha mkwewe kimelala langoni kama mlevi. Kikarudishwa. Hakuna aliyekipikia, lakini angalau kilirudi chini ya paa. Mimi nilikuwa darasa la saba. Nilipoingia kidato cha pili ndipo nilipomwomba Kukhu anifundishe kukirudishia uhai. Sasa nawapa mafunzo yenyewe, mengine ya Kukhu, mengine ya mwalimu wetu wa Kemia, mengine ya kujaribu mwenyewe.

Kabla hujatoa jasho lako, hakikisha kwanza una chuma cha kusubu. Chukua sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio. Aluminiamu haishikwi na sumaku. Bati na chuma cha kufua hushikwa, lakini hivyo huwa vyembamba, na makarai mengi ya siku hizi yamegongwa kutoka kwenye bati la chuma. Chuma cha kusubu huwa kinene, kizito kuliko unavyotarajia, na mara nyingi utaona mstari pale kalibu mbili zilipokutana. Pindua kitako. Ukiona kovu refu kama la jeraha la upanga katikati ya kitako, hapo ndipo chuma kilipomiminiwa, na ni dalili kwamba chombo huenda ni cha karne ya 19, maana baadaye viwanda vilianza kumimina kwa ubavuni. Wenzetu wa Marekani wanaokusanya vikaango husoma vitako kama sisi tunavyosoma matokeo ya mtihani. Hutafuta majina ya viwanda kama Griswold wa mji wa Erie, kilichofungwa mwaka wa 1957, au Lodge, kilichoanza mwaka wa 1896 na bado kinasubu. Hupenda vya zamani kwa sababu uso wake wa ndani ulisagwa ukawa laini, ilhali vingi vya siku hizi huachwa na chunuchunu za mchanga. Kati ya vyombo vyangu kimoja tu kina maandishi, nayo ni namba 3. Namba hizo kwenye vyungu huonyesha ukubwa.

Halafu kisikilize. Kishike kwa kidole kimoja kwenye mpini au sikio kining'inie, kigonge kwa kijiko cha mti. Kilicho kizima hulia "ngiii" kama kengele ya shule. Chenye ufa husema "ta" na kunyamaza. Cha namna hiyo usikipoteze muda, maana ufa utapanuka motoni, na kuuchomelea ni kazi ngumu hata kwa fundi hodari kwa vile chuma hiki hupasuka tena pembeni mwa kiungo. Mimi kilichopasuka ningekipandia maua.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii: uliza chombo kilitumika kwa kazi gani. Kuna watu waliyeyushia risasi ndani ya makarai. Sisemi risasi za bunduki, nasema ile metali laini, ya betri za magari na ya vizito vya nyavu. Risasi ni sumu, huharibu ubongo wa mtoto, na haina njia rahisi ya kujulikana kwa macho. Kama umenunua karai kwa mtu usiyemjua na lina madoa ya kijivu yanayong'aa ukiyakwaruza, likae mapambo. Wengine nao hupaka vyombo vya chuma oili chafu ya gari ili visishike kutu. Usithubutu kupika humo kabla ya kusafisha kabisa, na usiige tabia hiyo hasilani.

Sasa usafi. Uchafu wa chungu kuukuu ni wa aina mbili na dawa zake ni tofauti, jambo ambalo hufanya watu wengi wasugue siku nzima bila faida. Aina ya kwanza ni mafuta na chakula kilichoungua miaka na miaka kikawa gamba jeusi. Jungu kuu halikosi ukoko, walisema wahenga, na wahenga hao bila shaka walikuwa wameosha vyungu. Ukoko huo ni mafuta, na adui wa mafuta ni besi. Marekani hutumia sodiamu haidroksaidi, ile inayotengenezewa sabuni, lakini hiyo huchoma ngozi na kupofua macho, na siipendekezi kwa mwanafunzi. Kukhu alinionyesha kitu tunachokijua wote. Si mnajua majivu ya maganda na mabua ya maharagwe, yale tunayochujia musherekha wa kulainishia mboga? Maji yale ni besi. Tulichuja musherekha mzito sana, tukaujaza chunguni, tukaacha siku tatu. Mwalimu wa Kemia anasema ndani yake kuna potasiamu kaboneti, jamaa ya magadi, na kwamba mafuta yakikutana na besi hugeuka kuwa kitu kama sabuni. Ukoko haukutoka wote, lakini ulilainika ukakwanguka kwa kijiti cha mti mgumu. Tulirudia mara mbili. Jihadhari na mambo mawili: usiguse maji mazito ya majivu kwa mikono mitupu kwa muda mrefu, na usitie kamwe sufuria ya aluminiamu ndani yake kwani besi huila aluminiamu.

Kuna watu watakaokuambia, "Itupe motoni tu, ukoko uungue." Ni kweli utaungua. Lakini moto mkali usio sawa hupinda kikaango kikawa kama kofia, au hukipasua, na chuma hubaki na rangi nyekundu ambayo mafuta hayaishiki vizuri baadaye. Nimeona kikaango kizuri cha jirani kilichoharibika hivyo. Uvivu ni nyumba ya njaa.

Aina ya pili ni kutu. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na oksijeni ya hewani. Haitokani na uzee. Anza kwa kusugua ukiwa na mchanga laini na maji kidogo, au nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Kukhu alipokuwa msichana walitumia majani makavu yenye kukwaruza. Huko pwani kuna mti uitwao msasa ambao majani yake hulainishia mbao, na karatasi ya fundi seremala ikarithi jina la mti huo. Msasa wa dukani unafaa, ila usiwe wa meno makubwa, utaacha mikwaruzo.

Kutu iliyokaidi hutolewa na asidi. Changanya siki kipimo kimoja na maji kipimo kimoja, loweka chombo nusu saa, kitoe, sugua, tazama. Ikibaki, rudisha tena nusu saa. Usikiache usiku kucha. Asidi ikimaliza kutu haisemi asante ikaondoka. Huanza kula chuma chenyewe na kukiachia vishimo. Kukhu hakuwa na siki zamani, alitumia ndimu na mchanga, na nikilinganisha naona zote zinafanya kazi, ila ndimu zinataka subira na mkono wenye nguvu.

Ukishaosha, hapo ndipo pa kukimbia. Chuma kitupu kilichosafishwa ni kama mtoto aliyetoka majini, baridi humpata papo hapo. Nilipokausha chungu chetu kwa kitambaa mara ya kwanza, Kukhu alinitazama tu akaniambia nihesabu hadi mia. Kabla sijafika sabini kilianza kupata rangi ya chungwa. "Kitambaa hakikaushi chuma," akasema, "moto ndio hukausha." Kwa hiyo osha, futa, kisha weka juu ya jiko mara moja hadi unyevu wote uishe.

Sasa kuvika mafuta, au kama anavyosema Kukhu, kukinywesha. Watu hudhani mafuta yanaingia ndani ya chuma kama maji kwenye mtungi. Kusema kweli, mafuta ya kupikia yakipakwa kwa utando mwembamba na kupashwa moto hadi yatoe moshi, hubadilika. Chembe zake hushikana mikono zikawa mtandao mmoja mgumu uliogandamana na chuma, hauoshwi na maji, na chakula hakishiki juu yake. Ni kama rangi, ila ni rangi ya kuliwa. Utando huo ndio unaozuia maji na hewa visikifikie chuma, basi kutu haina mlango.

Kosa la wengi ni kumwaga mafuta mengi wakidhani ndiyo ukarimu. Yakizidi hunata kama gundi ya matatu na kuokota vumbi. Chukua mafuta ya alizeti au ya mahindi, au mafuta magumu ya kopo, kiasi cha kijiko cha chai. Paka ndani, nje, mpini, miguu, kila mahali. Kisha chukua kitambaa kikavu ufute kana kwamba hukukusudia kupaka. Kilichobaki, ambacho huwezi hata kukiona, ndicho kinachotosha. Kifunike kichwa chini juu ya makaa yaliyokwisha kushika sawasawa, si miale, ili mafuta yakitiririka yasitengeneze dimbwi. Kitatoa moshi, fanyia nje. Moshi ukiisha, baada ya kama saa moja, kiache kipoe chenyewe. Ukikimwagia maji baridi kikiwa moto utasikia mlio mmoja na utakuwa na vipande viwili. Ndiyo sababu niliwaambia mkumbuke habari ya kupasuka.

Rudia. Mara moja haitoshi, tatu ni afadhali, sisi tulirudia mara tano kwa siku tano, kila jioni baada ya chakula makaa yakiwa bado yana uhai. Siku ya kwanza chungu kilikuwa cha kijivu, ya pili kikawa kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, siku ya tano kilikuwa cheusi ti, laini, ukikipitisha kiganja kinateleza. Kukhu alikitazama muda mrefu bila kusema. Kisha akaagiza kuku.

Kuku yule nitawaachia mkisie.

Kuhusu kukitumia, kuna tabia za chuma ambazo lazima uzizoee. Aluminiamu hupitisha joto karibu mara nne kuliko chuma cha kusubu, ndiyo maana sufuria hupata moto upesi na kupoa upesi. Chuma hiki hujivuta kama mwanafunzi wa siku ya Jumatatu, lakini kikishapata moto hukishika. Chapati ya pili, ya tatu na ya ishirini zote hukuta joto lile lile, na kuni unapunguza. Baada ya kupika, osha kwa maji ya moto na brashi, kausha motoni, paka mafuta kidogo sana. Sabuni kidogo haikiui, licha ya wanavyodai wengine. Kinachokiua ni kukiloweka hadi kesho.

Si kila chakula ni chake. Nyanya nyingi, ndimu na maziwa yaliyochachuka vina asidi, na asidi hubandua ule utando hasa ukiwa bado mchanga. Mboga zetu za kienyeji Kukhu hapiki humo hata umbembeleze vipi. Likhubi na tsisaka ni za inyungu, anasema, na chuma kitazifanya nyeusi zenye ladha ya msumari. Hapo namuunga mkono.

Hata hivyo ladha hiyo ya msumari ina upande wake mwema. Chuma kidogo hutoka chomboni kikaingia chakulani, na miili yetu inahitaji chuma ili kutengeneza damu. Mwaka wa 1999 jarida la madaktari liitwalo The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia, ambapo baadhi ya familia zilipewa vyungu vya chuma na nyingine vya aluminiamu kwa mwaka mmoja. Watoto waliolishwa kutoka vyungu vya chuma walipungukiwa na damu kidogo kuliko wenzao, na walikua vizuri zaidi. Sisemi chungu ni dawa. Mwenye upungufu wa damu aende hospitalini, maana huku kwetu malaria nayo hunyonya damu. Nasema tu kwamba kitu tunachokiuza shilingi thelathini kwa kilo, watafiti walikigawa kwa watoto makusudi ili waone faida yake. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Mtauliza gharama. Kwangu siki na mafuta havikufika shilingi mia mbili kwa chungu kizima, na majivu ni ya bure. Kikaango cha pili nilikipata kwa kubadilishana na sufuria ndogo; mama aliyenipa alicheka akasema nimepunjwa. Cha tatu nilikiokoa kutoka kwenye gunia la mtu wa mizani mwenyewe, nikamlipa bei yake ya kilo na shilingi kumi juu. Tangu siku hiyo akipata chenye mpini hunipigia honi langoni.

Kama nyumbani kwenu kuna chombo cha namna hii na hujui kama ni kizima, kilete shuleni Ijumaa ya mkutano wa chama. Huwa niko nyuma ya maabara baada ya kengele ya mwisho, nina sumaku na kijiko cha mti. Na yeyote mwenye chungu cha namba 3 kisicho na mfuniko, tafadhali tuonane.